Rangi ya Cheche

Kila asubuhi, kabla Mwongeli hajatia sukari katika chai yake, baba yake alimsogezea kipande cha chuma na maikromita yake ya zamani, kisha akasema neno moja tu: "Soma."

Mwongeli alisoma. Alikibana chuma, akakizungusha kishikio taratibu mpaka kikalia tik, tik, halafu akainua kipimo kwenye mwanga wa dirisha na kutaja tarakimu. Mzee Kitheka alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri Zaburi. Baada ya chai walikwenda kibandani nyuma ya nyumba, mzee akagusisha kipande kingine kwenye jiwe la kunolea, Mwongeli akizungusha mpini, na swali likawa lingine: "Rangi gani?" Naye alitaja rangi ya cheche: nyeupe, au njano, au nyekundu ya kufifia.

Mchezo huu ulikuwa umeanza baada ya Pasaka. Mwongeli alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa kuuliza maswali siyo wa kuulizwa, lakini aliupenda mchezo kuliko alivyothubutu kukiri. Msichana aliyesomea ualimu chuoni, halafu apende harufu ya mafuta ya mashine! Angemwambia nani? Alinawa mikono, akapaka vaselini, akaenda zake shuleni.

Jumamosi hiyo hakuwa na shule. Alikuwa ameinua maikromita dirishani, amefika "nusu inchi na...", honi ikapigwa nje kwa nguvu hata kuku wakatawanyika.

"Mzee Kitheka! Acha chai! Acha hata suruali, panda hivyo hivyo!"

Alikuwa Waweru, dereva wa shamba la kahawa kule Ruiru, kichwa chake kimetoka nje ya dirisha la pikapu.

"Kuna nini, Waweru? Kahawa imeshika moto?"

"Karakana inafungwa leo. Bwana Injinia anarudi kwao. Lori la kupeleka vyombo Mombasa linafika saa nane. Amesema vile alivyokuahidi uje uchague mwenyewe, usipokuja vinaondoka." Waweru akashusha sauti. "Na Zacharia Muigai amesikia. Yuko pale tangu saa moja, amekaa mlangoni kama kuku anayetaka kutaga."

Mzee Kitheka alisimama, akapapasa ukutani akaipata kofia yake. "Mwongeli, leta lile sanduku la mafuta ya taa. Twende."

Maikromita ikabaki mezani, bado imekibana kile chuma.

Kwa miaka ishirini na miwili Kitheka alikuwa fundi wa mashine katika karakana ile. Alipostaafu, Bwana Injinia alimpa mashine mbili kuukuu zilizokuwa zimelala chini ya turubai: moja ya kukereza, inayozungusha chuma huku kisu kikikichuna, na moja ya kuchonga, ile mafundi waliyoiita milingi, ambayo kisu chake chenye meno ndicho kinachozunguka. Kibali cha kuziweka nyumbani kilichukua miezi minne, maana katika mwaka ule wa hamsini na saba serikali haikupenda kuona Mwafrika na mashine inayoweza kutoboa mtutu wa bunduki. Kibali kilipatikana. Injini ndogo ya kuvutia maji ikafungwa mkanda, mashine zikazunguka, majirani wa ng'ambo ya reli ya Thika wakaja kutazama na kupiga makofi.

Zikazunguka tu. Hazikuwa na kisu hata kimoja, wala taya za kushikia chuma. Mashine bila vyombo vyake ni kinywa bila meno: kinafungua na kufunga, hakitafuni. Kanisani watu walikuwa wameanza kumuuliza Kitheka, kwa upole unaouma, ng'ombe wake wa chuma atazaa lini. Na sasa kila alichokuwa amekingoja kilikuwa juu ya meza kule Ruiru, mpaka saa nane.

Walibanana watatu kiti cha mbele, sanduku la mbao mapajani mwa Mwongeli. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikisoma kibali cha kusafiri cha Waweru pande zote mbili, akakigeuza, akakisoma tena, na dakika zikapita. Wakavuka mto Ndarugu, katani imesimama pande zote za barabara.

"Ukianza na mkono mtupu," mzee alisema akitazama mbele, "unaanza na nini?"

"Kipimo," Mwongeli akajibu. Somo hili alilijua.

"Kwa nini siyo kisu?"

"Kisu usichokuwa nacho unaweza kukinoa. Kipimo usichokuwa nacho huwezi kukinoa."

"Halafu?"

"Cha kushikia. Kisha ndiyo vya kukatia, vichache. Vipande vya haispidi, kile chuma kigumu kisichoharibiwa na joto, visivyonolewa bado, kwa sababu hivyo ni kama unga, utapika utakacho."

"Mwalimu amefundishwa," Waweru akacheka. "Mimi nilidhani ni kuchukua kile kikubwa zaidi."

"Hivyo ndivyo atakavyofanya Zacharia," mzee akasema. Hakucheka.

Karakana ilikuwa tupu, alama za miguu ya mashine zimebaki sakafuni. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa turubai, na juu yake vyombo vimepangwa. Pembeni, kwenye nguzo, lilibaki jiwe la kunolea la umeme. Bwana Injinia, Mzungu mrefu mkavu, alikuwa akipigilia misumari kwenye kasha. Zacharia Muigai, fundi wa gereji pale Ruiru, aliinuka mlangoni akijipangusa kaki yake iliyopigwa pasi, penseli sikioni. Naye alikuwa amepata mashine ya kukereza mwaka ule.

"Habari ya asubuhi, Baba Mwongeli. Naona umekuja na mwalimu. Leo kuna mtihani?"

"Habari yako, Zacharia. Hata wewe umekuja na penseli."

"Kila mtu na silaha yake, mzee."

Bwana Injinia akaweka nyundo chini. "Mimi hapana taka kelele," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Kila mtu sanduku moja. Kitheka chagua moja, Zacharia chagua moja. Mkono nagusa, basi, hiyo yako. Sanduku kujaa, kwisha. Mzee naanza."

Mwongeli alisimama nyuma ya baba yake, hatua moja upande wa kushoto, mahali pa binti. Macho yake yalikuwa yameshakiona. Mwisho wa meza, ndani ya kijisanduku kilichofunguliwa, kulikuwa na kile kipimo ambacho mafundi walikiita saa: uso mweupe wa kioo na mshale mwembamba unaoonyesha chuma kikipinda hata kwa unene wa unywele. Kwa miaka mingi baba yake alikuwa amekisifu chakulani. Alitazama mkono wa mzee ukienda, ukakaribia, ukapita juu ya kioo kile kana kwamba hakipo, ukatua juu ya kishikio cha taya nne.

"Hiki," mzee akasema.

Kilikuwa chombo kizuri, ndiyo. Taya nne hushika hata chuma kisicho duara. Lakini ili kukiweka chuma katikati ya taya nne, unahitaji saa.

Zacharia naye alishangaa, kwa muda mfupi. "Asante, mzee," akasema, akiifunga saa na kuitia sandukuni mwake. "Sikutegemea zawadi kabla ya Krismasi."

Waliendelea. Mzee alichagua jiliwa ya kufungia kwenye milingi, akipitisha kiganja juu ya midomo yake miwili mpaka akaridhika kwamba inakutana sawasawa. Zacharia akachukua bunda la spana nene kama mikono ya watoto, na sanduku lake likalia kwa uzito. Mzee akachukua kishikio cha keekee, baada ya kukitikisa karibu na sikio kusikia kama kimelegea. Zacharia akabeba kishikio kikubwa cha taya tatu ambacho Mwongeli hakuamini kitaingia kwenye mashine yoyote ya nyumbani. Hapo moyo wake ulianza kutulia. Baba alikuwa akichagua kama alivyofundisha. Labda ile saa aliiacha kwa sababu aliyoijua mwenyewe.

Kisha wakafika kwenye visu vya milingi.

Vilikuwa mafurushi mawili ya kitambaa chenye mafuta, sita katika kila furushi, na bila hivyo milingi ingebaki pambo. Mzee alifungua yote mawili bila kugusa visu, kisha akauliza, "Bwana, naweza kujaribu makali?"

"Jaribu. Hiyo hapana hesabu."

Akajaribu kwa ukucha, jino baada ya jino, kama mafundi wafanyavyo: ukucha ukikwaruzwa, kisu ni kikali, ukiteleza, ni butu. Furushi la kulia lilikuwa limechakaa kidogo. La kushoto lilikuwa limetoka kunolewa, kila jino linauma. Akaweka kiganja chake juu ya la kushoto.

"Hili."

Na Mwongeli akaona. Mwisho wa kila jino palikuwa na rangi ya buluu inayoelekea zambarau, kama shingo ya njiwa. Aliyevinoa alivibana kwenye jiwe mpaka vikaungua. Chuma cha kawaida kikishageuka buluu kimekufa, hakishiki makali hata dakika moja. Baba yake ndiye aliyemwambia.

Binti hamkosoi baba yake mbele ya wanaume. Hilo hakufundishwa chuoni, alizaliwa nalo. Lakini mdomo ulijifungua wenyewe, kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, meno yana buluu."

Zacharia aligeuka haraka. "Buluu?" Akainama, akatazama, akamtazama mzee, na uso wake ukabadilika, mzaha ukapungua. "Buluu hii hata kuku ameiona. Wewe hukuiona, mzee?"

"Nimeiona," Kitheka akasema. "Ni haispidi. Haispidi haiogopi buluu."

Ilikuwa kweli kuhusu haispidi. Bwana Injinia aliacha kasha lake, akasogea karibu.

"Basi tuguse jiwe," Zacharia akasema. "Cheche hazina mjomba. Haispidi inatoa nyekundu iliyofifia, chuma cha kawaida kinatoa nyeupe. Lakini mzee ndiye atakayetuambia rangi. Mwalimu leo apumzike."

Waweru, aliyekuwa ameegemea mlangoni, alisema, "Zacharia, mwache mzee wa watu."

"Nimemtukana? Nimesema aangalie."

Bwana Injinia akabonyeza swichi. Jiwe likaanza kuguna, kisha kuimba. Mzee Kitheka alitoa kisu kimoja furushini, akakishika shina, akatafuta kwa kidole gumba pale pa kuegemeza mkono. Alipakosa. Akatafuta tena, akapata. Kisu kikagusa jiwe, na cheche zikaruka mpaka magotini: nyeupe, zikipasuka mwishoni kama maua ya kahawa.

Mzee aliinamisha kichwa, sikio likielekea jiwe.

"Rangi gani, mzee?" Zacharia akauliza.

Cheche ziliendelea kuruka. Halafu Kitheka akasema, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, sauti ya mwalimu mwenye subira: "Mwongeli, mwambie ni rangi gani."

"Aca! Aca! Hapana, nimekuuliza wewe."

Ndipo Mwongeli alipoanza kuyaunganisha. Tangu Pasaka. Kitabu cha nyimbo ambacho baba alikishika kanisani bila kukifungua. Kofia aliyoitafuta kwa kupapasa ukuta. Macho yaliyofumbwa wakati wa kusoma maikromita, naye akadhani ni namna ya kusikiliza vizuri. Na ile saa, uso mweupe kama mwezi mpevu, mkono ukapita juu yake.

"Kitheka," Bwana Injinia akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Wewe naona, ama hapana ona? Kama hapana ona, mimi hapana toa kitu. Mashine nakula mkono."

"Naona, Bwana."

Mwongeli angeweza kusema "nyekundu" na kumlinda baba yake kwa neno moja. Lakini wote waliziona cheche zilivyokuwa. Angeweza kukohoa. Angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza maisha yake yote watu wakubwa walipozungumza. Lakini hakuwa akitazama tena nyuso zao. Alikuwa akitazama vidole vya baba yake. Kisu kilikuwa kifupi, na mzee, akitafuta kusikia zaidi, alikuwa akikisukuma mbele. Kati ya ukucha wake na jiwe palikuwa na upana wa punje ya mchele.

Alipiga hatua, akazima swichi. Jiwe likalia likishuka, likishuka, mpaka kimya. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kiwiko cha baba yake.

"Cheche ni nyeupe," akasema. "Si haispidi. Visu vyote sita vimekufa." Akamgeukia Bwana Injinia. "Baba haoni vizuri. Mimi naona. Mashine zile nitaziendesha mimi, na yeye atanisimamia."

Mzee Kitheka hakutikisika. Alisimama ameshika kisu, uso kuelekea ukutani.

"Haiya!" Zacharia akacheka, lakini hakupata mwenzake wa kucheka naye. "Mwanamke akereze chuma? Na leso kichwani?"

"Leso naweza kuifunga nyuma."

Bwana Injinia alivuta kopo lililokuwa mwisho wa meza na kulimwaga. Vilitoka vipande vya chuma vya mraba, urefu wa kidole, visivyonolewa, visivyo na alama yoyote. "Hii ilichanganyika siku mingi. Wewe tenga."

Akawasha jiwe. Mwongeli alikaza leso, akachukua kipande cha kwanza. Akakigusisha kwenye jiwe. Nyekundu ya kufifia, nyuzi ndefu zisizopasuka: kulia. Nyeupe: kushoto. Nyeupe. Nyekundu. Kimoja kilimshinda, njano yenye kupasuka kidogo. Akakigusisha mara mbili, akasema, "Hiki sikijui," akakiweka katikati. Alipomaliza palikuwa na vipande kumi na kimoja kulia. Bwana Injinia alichukua tupa, akajaribu viwili vya kulia, kisha kimoja cha kushoto, kisha kile cha katikati.

"Hata mimi hapana jua hii," akasema. Akavifagia vya kulia na kuviweka kando. "Kitheka, zamu yako ikifika, chukua. Lakini visu ya milingi uligusa. Sheria ni sheria."

Kwa hiyo Zacharia, ambaye zamu ilikuwa yake, akachukua lile furushi la kulia, zuri, lililochakaa kidogo tu, na lile lililokufa likabaki sandukuni mwao. Mwongeli aliona milingi ikisimama kibandani mwaka mwingine mzima, au miwili. Zamu ya baba yake ilipofika, mzee alinyoosha mkono, na Mwongeli akamwekea vipande kumi na kimoja kiganjani. Baadaye walipata keekee fupi za kuanzia tundu, na mpini wa kisu cha kukatia, na sanduku likajaa.

Zacharia alisaidia kulibeba mpaka kwenye pikapu, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

"Mwalimu," akasema akipangusa mikono, bila kumtazama mzee, "siku utakayofunga ile taya nne utahitaji saa. Njoo uazime. Lakini uje na sukari, nyumbani kwangu hatunywi chai chungu."

Njia nzima kurudi Thika mzee alikuwa amelipakata sanduku, mikono miwili imelizunguka. Waweru alianza kuimba wimbo wa kanisani, akafika kiitikio, akaona anaimba peke yake, akaacha. Mwongeli alitazama katani ikipita. Miaka ishirini na miwili, akawaza, na mimi nimemvua nguo mbele ya Zacharia kwa maneno mawili. *Baba haoni.* Alitamani ayarudishe kinywani. Kisha akakumbuka upana wa ile punje ya mchele, na hakutamani tena, akatamani tena.

Waweru aliwashusha, akamwambia Mwongeli kwa kunong'ona, "Pole, mwalimu. Lakini ulifanya vizuri," akaondoka kabla hajachelewa kurudi shambani Ruiru.

Ndani, vikombe vya asubuhi vilikuwa bado mezani, chai imeganda utando juu. Mwongeli aliweka sanduku sakafuni. Alianza kukusanya vikombe kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi.

"Kaa," baba yake akasema.

Akakaa.

Mzee alipapasa meza, polepole, bila kujificha safari hii, akipita juu ya bakuli la sukari, juu ya kijiko, mpaka vidole vyake vikaipata maikromita pale ilipoachwa, imekibana kile chuma. Aliishika kitambo. Alikuwa na midomo ya mtu anayetafuta neno kwenye mfuko uliotoboka.

"Baba, leo mbele ya watu, mimi..."

"Ngoja." Akainua kiganja. "Tangu Pasaka nimekuwa nikikuambia soma, nikikuambia rangi gani. Wewe ulidhani nakupima."

"Ndiyo, baba."

"Sikuwa nikikupima. Nilikuwa nikikuuliza." Akaisukuma maikromita juu ya meza mpaka ikagusa mkono wake. "Sioni, mwana wakwa. Nisomee."